Festool au Makita: ipi itauzika ukiichoka?

Fundi wa Bagamoyo anayetaka mashine ya msasa aulize na bei ya kuja kuiuza. Festool, Mjerumani, ukiiunganisha na kifyonza vumbi chake, vumbi karibu lote linaishia humo. Aliyeshinda akivuta unga wa mninga ataelewa utamu huo. Ulaya na Marekani hata iliyotumika haishuki bei ovyo. Hapa je? Mnunuzi ataigeuzageuza, aulize, "Vipuri vyake napata wapi?" kisha ataje bei ya kukutukana.

Makita ya Japani haina madaha hayo, ila mafundi wanaijua. Nyingi za waya, kaboni (vijipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zikiisha unafungua vifuniko viwili kwa bisibisi, unabadilisha, kazi inaendelea. Mimi nachukua Makita, chenji nanunulia barakoa. Boksi la mashine usitupe, litakufaa siku ya kuiuza.