Filamu za familia zilizotengenezwa upya: lawama za haki na zisizo za haki

Kipande cha sekunde kumi na tano, kilichobanwa na kubanwa tena hadi rangi zikafubaa, kinatazamwa kwenye simu sauti ikiwa imezimwa. Hukumu inafuata papo hapo: filamu za siku hizi hazina roho. Lawama nyingi dhidi ya filamu mpya za uhuishaji, yaani zile za wahusika wa kuchorwa au wa kompyuta, na dhidi ya hadithi za zamani zilizotengenezwa upya, huanzia hapo. Baadhi zina haki, na zitatajwa hapa bila kufichwa. Nyingine zinaibebesha filamu kosa la skrini au kosa la kumbukumbu, na kazi nzuri inakosa watazamaji bure.

Tuanze na skrini, maana ndiyo inayodanganya wengi. Filamu kwa kawaida huonyesha fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Katika uhuishaji, mhusika anaweza kupewa mkao mpya kwa kila fremu, yaani mikao 24, au kila mkao ukashikiliwa kwa fremu mbili, yaani mikao 12. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 iliitumia tofauti hiyo kusimulia. Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, anapojaribu kubembea msituni, anasogea kwa mikao 12 huku Peter, Spider-Man mzoefu aliye kando yake, akisogea kwa 24. Mwili wa kijana unakwamakwama, wa mzoefu unateleza. Baadaye, Miles akishajiamini, naye anateleza. Watengenezaji waliondoa pia ukungu ambao kompyuta huweka kwenye kitu kinachokwenda kasi, wakaweka vitone vya rangi kama vya vitabu vya katuni vilivyochapwa. Puss in Boots: The Last Wish ya 2022 nayo hupunguza mikao pale mapigano yanapoanza, ili kila pigo lisimame mbele ya macho kama mchoro.

Sasa, televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kazi ya kulainisha mwendo. Kazi hiyo hubuni fremu za katikati ambazo hakuna mchoraji aliyezichora. Inafaa kwa mpira wa miguu. Kwa filamu hizi ni uharibifu: Miles na Peter wanaanza kuteleza sawasawa, kingo za mikono zinayeyuka, na pigo lililokusudiwa kusimama linapita kama maji. Mtazamaji anaandika kwamba uhuishaji ni wa ovyo, na kwa alichokiona hajakosea. Alichokiona tu sicho kilichotengenezwa.

Kuizima kunachukua chini ya dakika moja. Ingia kwenye mipangilio ya picha, kisha mipangilio ya ndani zaidi. Kwenye LG utaikuta kwa jina la TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow, kwenye Samsung ni Auto Motion Plus au Picture Clarity. Izime kabisa, usiipunguze tu. Kama televisheni ina hali iitwayo Filmmaker Mode, ichague hiyo, kwa kuwa inazima ulainishaji huo yenyewe. Zima na hali ya kuokoa umeme, ambayo hupunguza mwanga wa skrini kimyakimya. Halafu angalia kama mipangilio imeshika kwa chanzo unachotumia: televisheni nyingi huhifadhi mipangilio ya picha kwa kila chanzo peke yake, hivyo ukiizima kwenye king'amuzi huenda bado imewaka kwenye programu ya filamu.

Hilo la kuokoa umeme linagusa moja kwa moja lawama maarufu dhidi ya The Little Mermaid ya 2023, hadithi ya nguva Ariel, kwamba ni giza tupu. Sehemu zake za chini ya maji kweli zina mwanga mdogo. Katika maji halisi rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa kadiri unavyoshuka, na filamu inayotaka bahari ifanane na bahari lazima ilipe gharama hiyo. Lakini chumba chenye taa juu ya skrini, pamoja na hali ya kuokoa umeme, hufuta tofauti ndogondogo za giza ambazo ndizo zinazobeba miamba, mapezi na nywele. Zima taa, tazama upya tukio la pango la Ariel, ndipo useme. Hata hivyo baadhi ya matukio yatabaki na weusi, na hapo mlalamikaji yuko sahihi.

Kinachosahaulika kwenye filamu hiyo ni kazi yenyewe. Kwenye matukio mengi ya chini ya maji waigizaji hawakuogelea. Walining'inizwa kwa nyaya na mitambo studioni, pakavu, wakajifunza kusogeza mikono kana kwamba maji yanawazuia. Nywele zinazoelea zilitengenezwa na kompyuta, uzi kwa uzi, na zilipaswa kuitikia kila mgeuko wa kichwa. Kitu cha namna hii kikifanywa vizuri hakionekani, kwa hiyo hakisifiwi.

Mabadiliko ya hadithi ndiyo yaliyozua kelele kubwa, na hapa haki lazima itendeke. Hadithi ya asili, ya Hans Christian Andersen, ilichapishwa mwaka 1837. Ndani yake nguva anatembea kana kwamba anakanyaga visu, mwana wa mfalme anamwoa mwingine, na yeye anageuka povu la bahari kabla ya kupokewa miongoni mwa mabinti wa hewa. Filamu ya 1989 iliyafuta hayo yote ikaleta harusi. Anayeililia asili anaililia filamu ambayo yenyewe iliibadilisha asili kwa kiasi kikubwa. Toleo la 2023 linaongeza jambo lenye akili: Ursula, mchawi wa bahari, anamsahaulisha Ariel kwamba anahitaji busu la Eric, mwana wa mfalme. Kuanzia hapo Ariel hamwendei Eric akitafuta dawa, bali kwa sababu anapendezwa naye. Mwishoni ni yeye anayeshika usukani wa meli na kumchoma Ursula, kazi ambayo mwaka 1989 ilifanywa na Eric. Kama binti ndiye mwenye hadithi, hilo ni rekebisho zuri la uandishi. Kuhusu rangi ya Halle Bailey, mwigizaji mweusi wa Ariel ambaye wengine walimkataa kwa sababu hiyo, hakuna hoja ya kujibu. Nguva hana nchi, na sauti yake kwenye wimbo mkuu inatosha.

Kinachostahili lawama ni urefu na nyuso za wanyama. Dakika 83 za filamu ya 1989 zimekuwa 135. Wimbo mpya wa Eric unasimamisha safari bila kuisogeza. Na Flounder, yule samaki rafiki, amepungukiwa sana, kwa sababu inayoeleweka: macho ya samaki wa kweli yako pande mbili za kichwa. Akitazamwa kwa upande unapata jicho moja. Akitazamwa usoni macho yanakaa mbalimbali, hayana nyusi wala midomo ya kukunja. Mchoraji wa 1989 alimpa uso wa mtoto. Mhuishaji wa 2023 alifungwa na umbo la samaki.

Kosa hilohilo ndilo lililoizonga The Lion King ya 2019, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana filamu hii inashambuliwa kwa sababu zisizo sahihi wakati sababu sahihi ziko wazi. Wengi huiita filamu ya wanyama halisi. Si hivyo. Ni uhuishaji karibu mwanzo hadi mwisho. Kwa maelezo ya mwongozaji wake, Jon Favreau, picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera duniani, ile ya jua linapochomoza mwanzoni. Mengine yote ni kompyuta. Wapiga picha, wakiongozwa na Caleb Deschanel, walivaa miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji dunia ya kompyuta, wakaingia ndani ya nyika iliyojengwa kwa injini ya michezo ya video, wakasukuma vitoroli na kuinua kreni za kweli ambazo mwendo wake ulihamishiwa kwenye kamera ya kubuni. Ndiyo maana kamera inatikisika kidogo, inachelewa kidogo kumfuata mtoto wa simba anayekimbia, kama inavyochelewa kwenye filamu za wanyamapori. Wanyama nao hawakuigizwa na watu waliovaa mavazi ya vihisi. Wahuishaji waliwapa mikao kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Lawama kwamba hakuna aliyefanya kazi basi haina msingi. Lawama kwamba nyuso ni baridi ina msingi. Simba wa 1994 ana nyusi, ana midomo ya mtu, mboni zinapanuka na kunywea. Simba wa 2019 anaruhusiwa kufanya lile tu ambalo simba hufanya: masikio kulala, mkia kupiga, kifua kupanda na kushuka, shingo kuinama. Ukitazama uso utaona ubaridi. Tazama mwili. Tukio la mtoto kumsukuma baba yake aliyekufa, Mufasa, linajengwa na uzito: namna anavyoingia chini ya mkono wa Mufasa na mkono ule usivyoinuka. Kwenye skrini ya simu uzito huo haupo kabisa.

Mahali inapokosea waziwazi ni pale wimbo wa mapenzi ya usiku unapochezwa mchana kweupe, na wimbo wa Scar, ami mwovu wa Simba, unapogeuzwa karibu hotuba. Dakika 30 zilizoongezwa kwenye zile 88 za awali pia hazina thamani sawa. Safari ndefu ya manyoya ya Simba hadi kwa Rafiki, nyani mzee, ni nzuri, kwa sababu inaonyesha mzunguko wa uhai bila neno hata moja. Maneno yaliyoongezwa kati ya Scar na Sarabi, mama yake Simba, yana faida, yanampa malkia huyo nafasi. Ufunguzi ulionakiliwa picha kwa picha hauna faida. Unalazimisha ulinganisho ambao toleo jipya haliwezi kushinda.

Kanuni moja inajitokeza hapa: kutengeneza upya kunafaa zaidi pale filamu ya kwanza ilipokuwa na wazo zuri kuliko utekelezaji. Pete's Dragon ya 1977 ni filamu ya nyimbo nyingi yenye joka lililochorwa juu ya picha za watu. David Lowery mwaka 2016 aliacha nyimbo, akabakisha mtoto yatima na joka lake, akampa joka manyoya badala ya magamba. Manyoya hayo ndiyo siri ya filamu: mtoto anaweza kujilaza ndani yake, na upepo wa msituni unayapitia. Ni bora kuliko ya kwanza, na haitajwi kwenye mabishano kwa kuwa haina cha kukera.

Sasa kumbukumbu. Husemwa kwamba zamani kila kitu kilichorwa kwa mkono, kwa uaminifu. Kwenye Robin Hood ya 1973, dansi ya Marian imefuatishwa juu ya michoro ya Snow White and the Seven Dwarfs ya 1937. Studio ilibana matumizi. Ukumbi wa dansi kwenye Beauty and the Beast ya 1991 ulijengwa na kompyuta. Mbio za nyumbu za The Lion King ya 1994, dakika mbili na nusu, ziliwachukua wataalamu watano wa kompyuta zaidi ya miaka miwili. Na miaka hiyohiyo ya dhahabu ndiyo iliyoleta miendelezo iliyopelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video, kama The Return of Jafar ya 1994, ambayo hakuna anayeikumbuka wakati wa kulinganisha. Miaka thelathini imekwisha kuchuja makapi ya zamani. Ya leo bado tunayapepeta.

Lawama kwamba hakuna tena hadithi mpya ndiyo dhaifu kuliko zote. Flow ya 2024, ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, programu isiyolipiwa, haina neno la mazungumzo hata moja, ikashinda Oscar mwaka 2025. Encanto ya 2021 huambiwa haina adui. Adui yupo: ni hofu ya bibi aliyewahi kupoteza nyumba na mume, na hofu hiyo ndiyo inayopasua kuta. Mtoto anayeishi na mtu mzima mwenye hofu ataitambua haraka kuliko mchawi yeyote. Katika The Last Wish, paka Puss anashikwa na hofu kali, moyo unadunda, anaanguka chini ya mti. Mbwa mdogo anamlalia tumboni, hasemi kitu, hadi pumzi inatulia. Mzazi anaweza kulifundisha hilo nyumbani kesho yake.

Ukosoaji mzuri una nguvu, ieleweke. Trela ya Sonic the Hedgehog ya Aprili 2019 ilionyesha mhusika mwenye meno ya mtu na macho madogo yaliyotengana. Watu walisema kasoro ni ipi hasa, mhusika akachorwa upya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Maoni yale yalitaja meno na macho. Kusema filamu haina roho hakumpi mchoraji cha kurekebisha.

Kwa anayepanga kutazama na watoto: hadithi ya Simba ianzwe na ile ya 1994, kwa sababu ya urefu na kwa sababu mbio za nyumbu za 2019 zinatisha zaidi. Pete's Dragon ianzwe na mpya. The Little Mermaid ya 2023 igawe siku mbili kwa walio chini ya miaka sita, ukikata pale Ariel anapofika nchi kavu. Kwenye The Last Wish, mbwa mwitu mwenye mluzi atamnyima mtoto mdogo usingizi, kwa hiyo tazama kwanza tukio lake la baa ukiwa peke yako. Na Pinocchio ya Guillermo del Toro ya 2022, ya vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono fremu kwa fremu, ni kazi kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa, lakini isubiri hadi miaka kumi hivi: bomu linaua mtoto mapema kabisa, na Italia ya Mussolini itahitaji maelezo kabla ya kuiwasha.