Bunduki ya kuwindia: uihudumie mwenyewe au umpelekee fundi?

Usafi ni kazi ya mwenye bunduki. Sioni haja ya kumlipa mtu. Toa risasi zote, chungulia chemba (mahali risasi inapokaa), chomoa bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), pitisha brashi ndani ya mtutu kuanzia nyuma kuelekea mdomo wake, umalizie na kitambaa chenye mafuta kidogo. Kidogo kweli, maana wengi huilowesha.

Ukarabati ni habari nyingine. Risasi ya .30-06, aina itumiwayo sana kuwindia, huweza kufikia shinikizo la paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, karibu kabisa na shavu lako. Ukibadilisha bolti au mtutu, nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi lazima ipimwe kwa geji maalumu. Ikizidi, ganda la risasi laweza kupasuka. Fundi anazo geji hizo. Triga nayo mwachie yeye, hata kama video inaonyesha ni rahisi.