Metz 45 CT-1 kwenye Mamiya RB67: niliinunulia usiku, ikanifaa mchana

Lenzi yangu ya RB67, kamera kubwa ya filamu, ni ya milimita 127. Nikifungua tundu lake hadi f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), bibi harusi anatoka safi, bwana harusi aliye hatua moja nyuma anatoka ukungu. Ili watoke wote lazima nifunge hadi f/8 au f/11, na hapo vile vijiflashi vya kuchomeka juu ya kamera vinaishiwa pumzi. Ndiyo maana nikatafuta flashi ya Metz 45 CT-1 ya mtumba, ile ya Kijerumani yenye mpini kama nyundo. Namba yake ya mwongozo, yaani kipimo cha nguvu zake, ni 45 kwa filamu ya ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga). Gawa kwa umbali: mita 5, unapata f/9.

Harusi ya kwanza niliaibika. Pembeni mwa lenzi kuna kiswichi chenye herufi M na X. M ni ya balbu za zamani zinazochelewa kuwaka, kwa hiyo flashi ya umeme hulipuka kabla shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, haijafunguka. Mimi sikukiangalia. Flashi inawaka ukumbi mzima, watu wanafumba macho, nami najiona fundi. Filamu iliposafishwa, fremu zote 10 zilikuwa giza, ila taa za jukwaani tu. Siku hizi kiswichi nimekibana kwenye X kwa gundi ya karatasi.

Kwa usiku ni nzuri, si ya ajabu. Kuielekeza darini kunakula mwanga mwingi, na ukumbi ukipambwa vitambaa vya zambarau, maharusi nao wanakuwa zambarau. Kihisi chake cha kujipimia mwanga nacho hudanganyika shela jeupe likijaa kwenye fremu, kwa hiyo ndafu ikiingia mimi napima umbali kwa macho na kupiga kwa nguvu zote. Baada ya hapo nasubiri sekunde kadhaa ijae tena, huku MC ananikodolea macho.

Utamu wake niliuona saa saba mchana, jua la utosi, macho ya watu yamezama kwenye vivuli. Kamera nyingi za milimita 35 zenye shata la pazia hugoma kupatana na flashi ukipita 1/60 au 1/125 ya sekunde. Shata la RB67 limo ndani ya lenzi, linapatana nayo hadi 1/400. Kwa ISO 100 juani, 1/400 inadai f/8 hivi. Nikisimama mita 8, flashi inatoa f/5.6, stopu moja chini ya jua, yaani nusu ya mwanga wake. Uso unafunguka, na anga inabaki na rangi yake. Mama mmoja aliniuliza kama nimempaka poda.

Tena mgongo wa RB67 unazunguka, hivyo picha ya kusimama naipiga bila kulaza kamera, flashi ikabaki palepale.

Ubaya wake ni uzito. Kamera, mkono wa chuma na flashi, ikifika saa nne usiku bega linalia. Inakula betri ndogo 6 kwa mkupuo. Za bei poa za barabarani hazimalizi hata filamu mbili, nunua alkalini. Na flashi za mwanzo za aina hii hutuma volti zaidi ya 200 kwenye waya wa kuiunganisha na kamera. RB67 haina umeme, haijali. Kijana wangu aliomba aichomeke kwenye kamera yake ya dijitali, nikamnyima.