Triliamu ya mfuko, ya posta na ya chunguni: ipi inafaa pesa yako

Ukiishi Ontario, jimbo la Kanada, unaijua triliamu hata kama hujawahi kukanyaga msituni. Ni ua la jimbo tangu 1937, na umbo lake la ncha tatu ndilo nembo inayokaa juu ya barua za serikali. Ohio, Marekani, nao waliifanya ua lao la porini mwaka 1986. Kwa hiyo Mswahili wa Toronto au Columbus aliyepata nyumba yenye kiuwanja nyuma na mti mkubwa wa kivuli, si ajabu akaitamani. Inauzwa kwa namna tatu, na tofauti ya ubora ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Tuanze na ile mbaya. Mwezi wa Machi na Aprili maduka makubwa ya vifaa vya nyumbani hutundika mifuko ya plastiki yenye picha ya ua jeupe la kupendeza. Ndani mna maranda makavu na tunguu moja au mbili, mfano wa kidole cha tangawizi. Tatizo ni kwamba mfuko huu unaichukulia triliamu kama tulipu. Tulipu ni kitunguu: ina maganda, inavumilia kukaa kavu rafuni. Tunguu la triliamu halina ganda, na mizizi yake minene iko hai mwaka mzima. Likikaa wiki kadhaa kwenye duka lenye hita, mizizi inakauka, na linalopandwa ni kipande kinachojilia akiba yake chenyewe. Wengi huona jani moja dogo, au hawaoni kitu.

Kama mfuko umeshakuvutia, ubonyeze kabla ya kulipa. Tunguu zima ni gumu kama tangawizi mbichi, na kwenye ncha moja lina jicho jeupe lililochongoka, halijavunjika. Likibonyea kama ndizi iliyoiva sana, au likiwa jepesi na limenyauka, lirudishe. Picha nayo usiiamini sana. Ua jeupe la kwenye mfuko linaweza kuja kuwa jekundu, au likawa la aina nyingine kabisa.

Kuna jambo zito kuliko ukavu. *Trillium grandiflorum*, ile nyeupe kubwa, huchukua miaka 7 hadi 10 kutoka mbegu hadi ua la kwanza. Hakuna mkulima anayemwagilia mmea miaka 7 halafu akauuza kwa bei ya chakula cha mchana. Bei ikiwa ya chini hivyo, uwezekano mkubwa ni kwamba tunguu limechimbwa porini. Soma lebo kwa makini: "imekuzwa kitaluni" na "imezalishwa kitaluni" si kitu kimoja. Ya kwanza inaweza kuwa imeng'olewa msituni ikakaa kitaluni msimu mmoja tu. Ya pili imetokana na mbegu au na kugawa mmea mama. Muuzaji mzuri ukimuuliza mmea una miaka mingapi tangu mbegu, anajibu papo hapo. Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Namna ya pili ni ya posta, kutoka vitalu vya mimea ya asili: tunguu lisilo na udongo, limefungwa kwenye mosi (mimea midogo laini kama sponji) yenye unyevu, na linatumwa Septemba au Oktoba mmea ukiwa umelala. Hii tunaipa alama nzuri. Majira hayo mizizi inapata wiki kadhaa za kushika udongo kabla ya barafu, na bei huwa chini ya ile ya chungu. Sharti ni moja: usiliache ndani ya boksi. Lipande siku lilipofika, au kesho yake.

Chagua mahali chini ya mti unaopukutisha majani, kama mwaloni au mepu, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Triliamu hula jua la Aprili kabla mti haujavaa majani, kisha inapumzika kivulini. Chini ya misonobari iliyosongamana giza ni la mwaka mzima, nayo haitachanua. Lainisha udongo sentimita 25 kwenda chini na uchanganye mboji ya majani yaliyooza, karibu theluthi moja. Tunguu liingie sentimita 5 hadi 10, jicho juu, mizizi imetandazwa isikunjwe. Usipotambua juu ni wapi, lilaze ubavu, litajirekebisha. Acha sentimita 30 kati ya mmea na mmea, mwagilia, kisha tandaza majani makavu yaliyokatwakatwa unene wa sentimita 5. Maji yakituama hapo baada ya mvua, hama. Tunguu linaoza haraka kuliko linavyokauka.

Chomeka na kijiti cha alama. Kufika Julai au Agosti majani yanakauka na mmea unapotea machoni, na hapo ndipo watu huupiga jembe wakipanda kitu kingine. Mwaka wa kwanza usipoona kitu, usifukue kuangalia. Tunguu lililosumbuliwa linaweza kukaa chini mwaka mzima likijenga mizizi. Jani bila ua ni kawaida pia, tena kwa miaka miwili.

Ya tatu, ya chunguni, ndiyo bora ikiwa mfuko wako unaruhusu. Bei inaweza kufika mara tatu au nne ya ile ya plastiki, lakini unanunua mwezi wa Mei ukiona ua kwa macho yako, na mizizi haisumbuliwi. Inua chungu, ushike mmea kwenye shina na uuinamishe polepole. Udongo ukishikamana na mizizi, umekaa humo muda. Ukimwagika wote kama mchanga, mmea umetiwa chunguni juzi, na pengine juzi hiyohiyo ulikuwa msituni.

Kuhusu aina, anayeanza achukue *grandiflorum*: ni mvumilivu, na petali zake huanza nyeupe zikazeeka kwa rangi ya waridi, hivyo kwenye shada moja unaona umri tofauti wa maua kwa wakati mmoja. *Trillium erectum* ina wekundu wa damu ya mzee unaovutia sana, ila inanuka nyama iliyoharibika ili kuita nzi. Isiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. *Trillium luteum* ni ya njano, inanukia limau, na majani yake yana madoa yanayopendeza hata ua likiisha. Ile nyeupe yenye petali nyingi zilizopangana kama waridi haitoi mbegu, ndiyo maana ni ghali. Ni nzuri, lakini si ya kujifunzia.

Pakiti za mbegu kavu usinunue kabisa. Mbegu ya triliamu hupandwa mbichi, punde tu tunda linapopasuka. Ikikauka usingizi wake unazidi. Hata ikiwa mbichi, baridi ya kwanza hutoa mzizi tu, na jani la kwanza huja baada ya baridi ya pili. Sisimizi huifanya kazi hii bila malipo: mbegu ina kinofu cha mafuta wanachokipenda, wanaibeba hadi shimoni, wanakula kinofu na kuitupa mbegu.

Baada ya kupanda, adui mkubwa ni kulungu wa mkia mweupe. Anakula ua pamoja na majani yote matatu kwa mkupuo mmoja, na mmea hauna mengine ya kutengenezea chakula mwaka huo. Kikapu cha waya juu ya mmea Aprili na Mei kinasaidia. Kuchuma ua pamoja na majani kuna madhara yaleyale, kwa hiyo waonye watoto. Konokono wasio na gamba na sota (viwavi wanaokata miche) hutoboa majani machanga. Waokote usiku kwa tochi.

Mwisho, ukiona petali nyeupe zenye michirizi ya kijani, muuzaji anaweza kukuambia ni aina adimu. Zamani hata wataalamu waliipa majina yake. Kumbe ni ugonjwa wa fitoplazma (vijidudu jamii ya bakteria), hauna dawa, na mmea huzidi kuharibika umbo mwaka hadi mwaka. Usinunue, na ukijitokeza bustanini, ng'oa na tunguu lake, ulitie kwenye mfuko wa taka, si kwenye lundo la mboji.