Tathmini ya Prozorro, mfumo wa zabuni za umma wa Ukraine: unapofanya kazi na unapovuja

Prozorro ni mfumo wa mtandaoni ambao kupitia huo taasisi za umma za Ukraine, kuanzia wizara hadi shule ya kijijini, zinanunua dizeli, dawa, barabara na karatasi za ofisini. Majaribio yalianza Februari 2015, mwaka mmoja baada ya Rais Viktor Yanukovych kukimbia nchi. Sheria ya ununuzi wa umma ikapitishwa Desemba 2015. Wizara na mashirika makubwa yakalazimika kuutumia kuanzia 1 Aprili 2016, na taasisi nyingine zote kuanzia 1 Agosti mwaka huohuo. Kabla ya hapo zabuni ilikuwa mambo ya karatasi na bahasha, na mara nyingi mshindi alishajulikana kabla bahasha hazijafunguliwa.

Tuseme mapema: kwa kumwezesha raia wa kawaida kuona serikali inanunua nini, kwa nani na kwa bei gani, ni vigumu kuupata mfumo wa kuushinda huu. Mnada wenyewe ni mzuri. Palipo na matatizo ni kabla ya mnada, pale vigezo vinapoandikwa, na baada ya mkataba kusainiwa, pale macho ya watu yanapokuwa yameshahamia kwingine.

Muundo wake ndio wa kusomwa kwanza. Hifadhidata kuu iko chini ya shirika la serikali, lakini mnunuzi na mzabuni hawaigusi moja kwa moja. Wanaingia kupitia majukwaa binafsi yaliyoidhinishwa, kama SmartTender, Zakupivli.Pro (zamani Zakupki.Prom.ua) na E-Tender. Tangazo likiwekwa kwenye jukwaa moja, linatokea kwenye yote. Hapo mchezo wa zamani wa kutangaza zabuni mahali ambapo hakuna atakayeiona ukawa umekufa. Taasisi nunuzi hailipi kitu. Kwa miaka ya mwanzo mzabuni alilipa kati ya hryvnia (sarafu ya Ukraine) 17 na 1,700 kwa kila zabuni aliyoshiriki, kulingana na ukubwa wake, na jukwaa likaishi kwa sehemu ya ada hiyo. Kwa hiyo jukwaa lina sababu ya kibiashara ya kuwatafuta wazabuni wapya, kuwafundisha na kupokea simu zao mfumo unapowagomea. Aliyezoea NeST, mfumo wa zabuni wa Tanzania wenye mlango mmoja tu wa serikali, ataiona tofauti hiyo mara moja.

Hawakuanzia sifuri. Georgia ilikuwa imehamishia zabuni zake mtandaoni tangu 2010, na wataalamu wa huko walikwenda Kyiv kufanya kazi na wafanyakazi wa kujitolea waliotokana na maandamano ya Maidan yaliyomwondoa Yanukovych, pamoja na tawi la Ukraine la Transparency International, shirika la kupinga rushwa, lililoulea mfumo kabla ya kuukabidhi kwa serikali. Programu ilijengwa kwa msimbo huria na data zake zikapangwa kwa kiwango cha kimataifa cha data huria za mikataba, ndiyo maana Moldova nayo iliweza kujenga mfumo wake, MTender, kwa kufuata mpango huohuo wa hifadhidata moja na majukwaa mengi. Mei 2016 Ukraine ikajiunga na Mkataba wa Ununuzi wa Serikali wa Shirika la Biashara Duniani, na kampuni za nchi wanachama zikapata haki ya kushindana humo. Ushirikiano wa kikanda wa namna hii una faida ya kushikika: jirani anakupa watu waliokwishakosea na wakajifunza, na wewe unampa msimbo unaosomeka.

Sasa mnada. Tuchukue zabuni yenye makadirio ya hryvnia 1,000,000. Kampuni tatu zimeweka bei zao za mwanzo: 980,000, 955,000 na 930,000. Hakuna anayejua mwenzake ni nani. Kwenye skrini kuna namba tu. Mnunuzi ameshapanga hatua ya chini kabisa ya kushusha bei, ambayo kisheria huwa kati ya 0.5% na 3% ya makadirio. Tuseme ni 1%, yaani 10,000. Inatangulia mapumziko ya dakika 5, kisha raundi tatu. Katika kila raundi kila kampuni ina dakika 2, na mwenye bei ya juu ndiye anayeanza. Mwenye bei ya chini husema mwisho, akiwa ameshaona wenzake wameshusha hadi wapi. Bei zikibadilika, zamu za raundi inayofuata zinapangwa upya.

Kutokana na hapo, bei ya mwanzo ina uzito kuliko wageni wengi wanavyodhani. Anayeanza na bei ya juu akitegemea kushusha baadaye analazimika kusema kwanza, na asipowapita wenzake kabla ya raundi ya tatu anakosa nafasi ya kusema mwisho humo, na baada ya raundi hiyo hakuna nyongeza ya muda. Kosa jingine la kawaida ni kuchelewa: dakika 2 zikipita bila kubonyeza, bei yako inabaki ilivyokuwa. Ukiandika tarakimu vibaya unaweza kurekebisha ndani ya dakika hizo mbili, si baadaye. Panga mapema bei ambayo hutashuka chini yake, iandike pembeni, na uwe na mtandao wa akiba.

Mnada ukiisha, majina yanafunguka, na nyaraka nazo. Mfumo unamtaka mnunuzi achunguze kwanza nyaraka za mwenye bei ya chini pekee. Akimkataa kwa sababu zilizoandikwa, anahamia kwa anayefuata. Tangu marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika 19 Aprili 2020, mzabuni mwenye kasoro kwenye nyaraka hupewa saa 24 za kuzisahihisha. Hiyo imeokoa kampuni nyingi zilizokuwa zikitupwa nje kwa sababu ya cheti kimoja kilichosahaulika.

Mtu wa nje anahitaji kivinjari tu. Nenda prozorro.gov.ua, huhitaji akaunti. Tafuta kwa namba ya zabuni, inayoanza na UA ikifuatiwa na tarehe, au kwa namba ya usajili ya taasisi, yenye tarakimu 8. Kurasa zipo pia kwa Kiingereza ingawa nyaraka zenyewe ni za Kiukraine. Utakuta tangazo, maswali ya wazabuni na majibu yake, malalamiko, bei za raundi zote, nyaraka za aliyeshinda na za walioshindwa, mkataba na kila mabadiliko yake. Kwa uchambuzi wa wingi kuna bi.prozorro.org, ambako unaweza kulinganisha bei ya bidhaa ileile kati ya mkoa na mkoa. Tangu Novemba 2016 kuna pia DOZORRO, mradi wa Transparency International wa Ukraine, unaofuatilia zabuni zenye dalili mbaya na kuziandikia mamlaka husika.

Malalamiko yanakwenda Kamati ya Kuzuia Ukiritimba, si kwa taasisi inayolalamikiwa. Kamati ina siku 10 za kazi, zinazoweza kuongezwa hadi 20. Kwa amri ya serikali ya 2020 ada ya kupinga masharti ni 0.3% ya makadirio, isiyopungua hryvnia 2,000 na isiyozidi 85,000; kupinga uamuzi wa mshindi ni 0.6%, kati ya 3,000 na 170,000. Ukishinda unarudishiwa. Tunaiona ada hii kuwa ya haki kwa zabuni kubwa, lakini kwa mfanyabiashara mdogo bado inauma, maana anailipa kabla hajajua lolote.

Tukija kwenye kasoro, ya kwanza ni vigezo vilivyoshonwa kumfaa mtu mmoja. Ghala liwe ndani ya kilomita fulani, barua itoke kwa mtengenezaji fulani, kipimo cha mashine kilingane hadi milimita. Mfumo haujui kama sharti hilo ni la lazima au ni mtego. Anayejua ni mshindani, na asipolalamika kwa wakati, mnada utaendeshwa kwa uwazi kabisa huku mshindi akiwa mmoja tu anayewezekana. Ya pili ni njama kati ya wazabuni. Kampuni mbili za mfukoni za mmiliki mmoja zinajifanya kushindana. Kamati imewakamata wengi kwa ushahidi wa kawaida sana: anwani moja ya intaneti, faili zilizotengenezwa kwenye kompyuta moja, dhamana zilizotoka siku moja benki moja. Adhabu ni faini na kufungiwa zabuni kwa miaka 3. Ya tatu, kuvunja ununuzi vipande ili kila kipande kibaki chini ya kiwango kinacholazimisha mnada. Hii utaiona mwenyewe ukipanga mikataba ya taasisi moja kwa tarehe.

Kasoro iliyogharimu fedha nyingi kwa muda mrefu ni ya umeme na gesi. Muuzaji anaingia mnadani na bei ya chini mno, anashinda, anasaini. Sheria inaruhusu bei ya kipimo kimoja kupandishwa hadi 10% soko likibadilika. Kwa bidhaa nyingine nyongeza hairuhusiwi zaidi ya mara moja kwa siku 90, lakini mafuta, gesi na umeme vilitolewa kwenye kikomo hicho cha muda. Basi muuzaji analeta mkataba wa nyongeza wa 10%, kisha mwingine juu ya bei mpya, kisha mwingine. Baada ya nyongeza saba bei imekaribia mara mbili ya ile ya mnada, na mshindani aliyeshindwa kwa bei halali ameshasahaulika. Shule imebaki na kiasi kilekile cha fedha na umeme pungufu. Januari 2024 Baraza Kuu la Mahakama ya Juu liliamua kwamba nyongeza zote kwa pamoja zisizidi 10% ya bei ya mkataba wa awali, na waendesha mashtaka wamekuwa wakidai fedha zirudishwe. Ni muhimu kukumbuka kwamba nyongeza hizo zilikuwa zimewekwa mtandaoni zote. Zilionekana, na bado zililipwa.

Vita vikaupima mfumo kwa namna yake. Urusi ilipovamia Februari 2022, serikali iliruhusu ununuzi wa moja kwa moja. Oktoba 2022 amri namba 1178 ikarudisha minada, kwa masharti mepesi. Moja ya masharti hayo ni kwamba mzabuni akiwa mmoja tu, mnada haufanyiki na anachunguzwa yeye. Inaeleweka katika nchi inayopigwa mabomu, lakini inadhoofisha kile hasa kinachoshusha bei.

Chakula cha jeshi kilibaki nje ya Prozorro, na matokeo yakaonekana Januari 2023, pale mwandishi wa habari Yuriy Nikolov alipochapisha mkataba wa Wizara ya Ulinzi wenye mayai ya hryvnia 17 moja wakati madukani Kyiv yalikuwa kama 7. Naibu waziri akajiuzulu, na bunge likapitisha sheria ya kuweka wazi bei za vitu visivyo silaha. Leo wizara ina wakala wa kununua mahitaji hayo, nayo inatumia Prozorro.

Novemba 2025 ikaja kesi ya Energoatom, shirika la nyuklia. Kwa mujibu wa NABU, ofisi ya taifa ya kupambana na rushwa, wakandarasi walitakiwa kutoa cha juu cha 10% hadi 15% ya thamani ya mkataba, la sivyo malipo yao yangezuiwa au wangeondolewa kwenye orodha ya wauzaji. Zabuni inaweza kuwa safi na mshindi halali. Shingo inakabwa pale kwenye kulipwa, hatua ambayo mnada haufiki. Ndiyo maana NABU na mwendesha mashtaka maalumu ni sehemu ya huduma hii hata kama hawako kwenye tovuti. Julai 2025 bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka chini ya mwendesha mashtaka mkuu, watu wakajaa mitaani, na katika siku zipatazo kumi uhuru wao ukarudishwa kwa sheria nyingine.

Kwa anayebuni mfumo kama huu nchini kwake, ushauri wetu ni kuchukua mpangilio wa hifadhidata moja na nyaraka wazi za walioshindwa kabla ya kuhangaikia programu, na kuunganisha ratiba ya malipo na ukurasa wa mkataba tangu siku ya kwanza. Kwa mwandishi wa habari au mkaguzi anayefungua zabuni leo: ruka mnada, shuka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa kwenye mabadiliko ya mkataba, hesabu nyongeza ni ngapi, kisha linganisha bei ya mwisho na ile aliyoweka mzabuni wa pili.