Nilivyopasuliwa saratani ya rektamu kwa roboti, na jibu langu kwa mdogo wangu

Tumboni nina makovu matano madogo kama kucha, na moja refu kidogo chini kabisa, pale wanapopasuliwa kina mama wa uzazi. Upasuaji wa saa 5 umeniachia hayo tu. Ninaandika kwa sababu mdogo wangu wa Tanga amenipigia akiuliza kama ukoo uchange, mjomba, mwenye uvimbe kwenye utumbo mpana, apelekwe India akapasuliwe kwa roboti kama mimi.

Mimi naishi England. Huku watu wa miaka 50 hadi 74 huletewa kwa posta kipimo cha kinyesi kila baada ya miaka 2. Changu kilikuta damu ambayo sikuwahi kuiona kwa macho. Kamera ikakuta uvimbe kwenye rektamu, mwisho kabisa wa utumbo mpana.

Nilikuwa nadhani roboti inapasua yenyewe. Sivyo. Daktari anakaa pembeni, chumba hicho hicho, anatazama picha iliyokuzwa, na vifaa vilivyo ndani ya tumbo vinafuata vidole vyake. Vifaa hivyo vinapinda kama kifundo cha mkono, na mkono ukitetemeka havitetemeki. Kwa rektamu hilo ni jambo kubwa, kwani nyonga ni nyembamba, mishipa ya fahamu ya kibofu iko hapo hapo, na lazima rektamu itolewe pamoja na mafuta yanayoizunguka bila kuchanika, maana tezi zinazobeba saratani zimo humo. Kwangu walitoa tezi 17, zote safi. Madaktari hutaka angalau 12 ndipo waamini majibu.

Nilipoamka kutoka nusu kaputi, kidonda hakikuniuma kama bega. Ni ile gesi ya kaboni dioksidi wanayojazia tumbo ili wapate nafasi. Inasumbua siku mbili tatu. Jioni ile ile wakanikalisha kitini, kesho yake nikatembea korido. Kila nesi alikuwa na swali moja: umetoa upepo? Nilipojibu ndiyo, nilishukuru Mungu kwa sauti. Siku ya 5 nikarudi nyumbani, na sindano za kuzuia damu kuganda nikajichoma mwenyewe siku 28.

Lakini kuna nisiloambiwa sawasawa, na bado linaniuma. Mshono wa ndani, pale utumbo ulipounganishwa, ulikuwa chini sana, kwa hiyo nilivaa mfuko wa choo tumboni miezi 4 ili upone. Mfuko niliuzoea: nilikunywa maji yenye chumvi na sukari, makande nikayaacha kwa muda, na ustadhi akanieleza kuwa nitie udhu kwa kila wakati wa sala, inatosha. Baada ya kuunganishwa tena ndipo tabu ilipoanza. Nilikwenda choo mara 8, mara 10 kwa siku, na haja hainisubiri. Rektamu ndiyo ghala. Ukiondolewa ghala, choo hakina pa kungoja. Daktari alitaja jambo hili kwa sentensi moja, nami nikadhani nimeharibika. Mazoezi ya misuli ya nyonga na dawa ya kufunga vimenisaidia, sasa ni mara 3 au 4. Roboti haimwepushi mtu na hili.

Sasa mjomba. Utafiti uliotolewa 2017, wagonjwa 471 kutoka nchi 10, ulilinganisha roboti na upasuaji wa kawaida wa matundu madogo, ambapo daktari hushika vifaa kwa mikono yake, kwa saratani ya rektamu. Waliolazimika kufunguliwa tumbo walikuwa asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa matundu, tofauti ambayo watafiti hawakuweza kuithibitisha. Baadaye utafiti wa China kwa rektamu ya kati na ya chini ukaipa roboti nafuu: baada ya miaka 3 saratani ilirudi eneo lile lile kwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.0 kwa matundu. Lakini uvimbe wa mjomba uko kwenye utumbo mpana upande wa kulia, mbali na nyonga. Kwa hapo, bingwa aliyezoea matundu madogo anatosha kabisa, na sitaki shamba liuzwe kwa ajili ya mashine.

Mdogo wangu, mwulize daktari: upasuaji wa aina hii amefanya mara ngapi? Wangapi aliishia kuwafungua? Patholojia, maabara inayochunguza nyama iliyotolewa, itahesabu tezi? Nani atampokea mjomba simu usiku tumbo likijaa? Akijibu bila kukereka, mwacheni mjomba apasuliwe huko huko nyumbani, nami nitatuma nauli ya shangazi akamuuguze.