Final Fantasy ipi ununue kwanza? Nimezipanga kuanzia ya kuchukua leo mpaka ya kuiacha kwanza

Final Fantasy ni ukoo wa gemu za Kijapani za stori ndefu zinazotoka kwa namba, na hili swali la ipi uanze nayo linaulizwa kila siku na majibu yake yanachanganya watu tu, mmoja anasema anza na ya saba, mwingine anasema vumilia uweke hela ununue ya kumi na sita kwa sababu ndo mpya, af anatokea wa tatu anakwambia lazima uanze na ile ya kwanza kabisa la sivyo stori hutoielewa. Hapana jamani. Zile namba sio kama tamthilia kwamba ukikosa msimu wa kwanza umeachwa. Kila namba ina dunia yake, watu wake na vita yake, inaanza na inaisha yenyewe. Vinavyojirudia ni vitu vya ukoo tu, wale ndege wakubwa wa njano wa kupanda wanaoitwa chocobo, jamaa mmoja anaitwa Cid ambaye karibu kila gemu yumo na kila mara ni mtu tofauti, viumbe vya kuita vitani kina Ifrit, Shiva na Bahamut, na kwa zile za zamani muziki wa Nobuo Uematsu ambao peke yake unatosha kukufanya ununue. Ya kwanza kampuni ya Square waliitoa Japani Desemba 1987, mkuu wa kazi akiwa Hironobu Sakaguchi, na ukweli ni kwamba ukianza nayo leo kuna uwezekano mkubwa ukachoka na kuikimbia familia nzima kabla hujafika kwenye utamu.

Kwaiyo mimi nazipanga kwa kuangalia vitu vitatu. Una kifaa gani. Unapenda kupigana kwa zamu (unachagua pigo, unasubiri, adui naye anapiga) au unapenda vurugu za papo kwa papo. Na cha tatu ambacho watu hawakisemi, Kiingereza, maana hizi gemu ni kama kusoma kitabu kirefu na hakuna hata moja yenye Kiswahili, so kuna tofauti kubwa kati ya gemu ambayo maandishi yanakusubiri mpaka ubonyeze na gemu ambayo watu wanaongea haraka kama muvi.

1. Final Fantasy X (X/X-2 HD Remaster)

Hii ndo ya kuanza nayo, na nasema hivyo bila kusita. Ilitoka 2001 kwenye PlayStation 2, ilikua ya kwanza kwenye ukoo wahusika kuongea kwa sauti, af hiyo HD Remaster (gemu ile ile ila picha zimesafishwa) ipo PS4, Switch, Xbox na kompyuta, na kwa pesa moja unapata gemu mbili maana X-2 ni mwendelezo wake wa moja kwa moja. Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) bei yake ya kawaida ni kama dola 30 na mara nyingi inashuka, subiri punguzo usiwe na haraka.

Stori: Tidus ni staa wa blitzball, mpira unaochezwa ndani ya maji, anatokea mji wa Zanarkand, mji unavamiwa na dubwana linaitwa Sin, akizinduka yuko Spira, dunia ambayo watu wanaishi kwa kuogopa hilo hilo dubwana. Huko anakutana na Yuna ambaye anatembea hekalu kwa hekalu kujiandaa kwenda kupigana nalo, na wewe unamsindikiza. Siongezi hata neno moja hapo maana kuna kitu kuhusu hiyo safari kila mtu anakijua isipokua Tidus, na siku utakayokigundua utaweka padi chini.

Kinachoifanya iwe namba moja kwangu ni jinsi ya kupigana. Ni zamu halisi, hakuna kinachokukimbiza, pembeni ya skrini kuna orodha inayokuonesha nani anafuata kupiga kwaiyo unapanga kabisa, nikimpunguza huyu spidi basi mimi napiga mara mbili kabla yake. Una watu saba, uwanjani wanakaa watatu, na unaweza kubadilisha mtu katikati ya pambano bila hasara yoyote, na kila mtu ana kazi yake inayoeleweka, Wakka anawatungua wanaoruka, Lulu anawachoma kwa uchawi yale madude ya ute ambayo upanga hauyafanyi kitu, Auron anavunja wenye magamba. Ndani ya masaa machache unakua ushaelewa namna gemu za hivi zinavyofikiri, na hiyo elimu inakufaa kwenye nyingine zote.

Ubaya upo. Kwenye konsoli zile sehemu za muvi huwezi kuziruka, kwaiyo ukifika kwa adui mmoja anaitwa Seymour kule mlima Gagazet ukapigwa, unaangalia tena maongezi yote ndo upigane tena, inachosha kinoma. Ushauri wangu sevu kila unapoliona lile duara la kusevia, usitegemee gemu ikusevie yenyewe, na huku kwetu umeme unavyokatika ndo kabisa. Af kwa watu wa Switch, kuna toleo la boksi ambalo kwenye kadi yenyewe kuna X tu, X-2 inakuja kwa namba ya kudaunlodia, kwaiyo ukinunua iliyotumika ujue hiyo namba yaweza kua ishatumika, shusha bei hapo hapo.

2. Final Fantasy IX

Kama kifaa chako ni simu acha kuhangaika, chukua hii. Ilitoka 2000 ikiwa diski nne za PlayStation ya kwanza, sa hivi ipo Android, iPhone, kompyuta, PS4, Switch na Xbox. Unalipa mara moja basi, hakuna matangazo wala kuuziwa vito. Hakuna sauti za kuongea, ni maandishi tu, na kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kutafuta neno moja moja hiyo ni neema, maandishi mengi yanakaa pale mpaka ubonyeze.

Zidane ni mwizi kwenye kundi la waigizaji, kazi yao ni kumteka binti mfalme Garnet, na binti mwenyewe kumbe anataka kutekwa. Ila moyo wa hii gemu ni Vivi, kale katoto ka kichawi kenye kofia iliyochongoka kanakojiuliza kametengenezwa kwa ajili gani na kataishi mpaka lini. Wapo watu wazima waliolia kwa sababu ya Vivi na wala sio aibu. Mapambano ya asili yalikua yanaanza taratibu mno, ila haya matoleo mapya yana kitufe cha kuongeza spidi na cha kuzima maadui wa ghafla, na yanasevu yenyewe.

3. Final Fantasy VI (Pixel Remaster)

Ya 1994, picha za vidoti, na bado kuna watu wengi tu wanaiweka juu ya zote. Wahusika wa kucheza ni 14, adui wake Kefka ni mtu anayecheka huku anafanya mambo ya kutisha, na katikati ya gemu kinatokea kitu ambacho gemu nyingi hadi leo hazina ujasiri wa kukifanya. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu, macho ya mtu aliyezoea grafiki za sasa yanahitaji muda kidogo kuzoea. Hiyo Pixel Remaster (toleo la vidoti lililosafishwa upya) ilianza 2022 kwenye kompyuta na simu, af 2023 ikaja Switch na PS4, ina kusevu popote, kompyuta ya kizee inaibeba vizuri, na Steam ni kama dola 18. Ukiona mtu anauza kaseti ya zamani ya Super Nintendo ya Marekani imeandikwa Final Fantasy III ujue ndo hii hii, Wamarekani waliruka namba.

4. Final Fantasy VII, na hapa tuelewane

Maana VII sio gemu moja. Kuna ya 1997, diski tatu, shujaa Cloud na panga lake kubwa, adui yake Sephiroth, mji wa Midgar unaonyonya uhai wa dunia kuzalisha umeme. Af kuna Remake ya 2020 ambayo inaishia Midgar tu, yaani sehemu ambayo kwenye ya zamani ni masaa ya mwanzo wameitanua ikawa gemu nzima. Af Rebirth ya 2024 inaendelea pale mnapotoka mjini. Sehemu ya tatu ndo ya kumalizia. Kwaiyo ukinunua Remake leo umenunua theluthi ya stori, hilo ulijue kabla hujatoa hela.

Wengi watasema ruka ya zamani, sura zao kama maboksi. Mimi napinga kabisa. Remake haijarudia stori kama ilivyokua, inaibadilisha makusudi na inaongea na mtu anayejua kilichotokea mara ya kwanza, kwahiyo usipoijua ya 1997 mwisho wa Remake utabaki unashangaa hawa kina nani na wanagombania nini. Nunua ya zamani kwanza, ni ya bei ndogo, ipo hadi kwenye simu, ina spidi mara tatu. Ukiipenda ndo uingie Remake, ambayo kupigana kwake ni kwa papo kwa papo lakini ina hali ya Classic inayokuachia kuchagua mapigo tu. Na mapambano ya Remake na Rebirth, kwa upande wa kunoga, sijaona ya kuyapita kwenye ukoo huu.

Kwa diski zilizotumika angalia hapa: Remake ya PS4 na Rebirth ya PS5 zote zina diski mbili, moja ya data na moja ya kuchezea. Fungua boksi hapo hapo dukani uzione zote mbili. Na kama PS5 yako ni ile isiyo na sehemu ya diski usinunue diski hata kama ni ya kutupwa bei.

5. Final Fantasy XII The Zodiac Age

Hii ni ya mtu anayependa kupanga mfumo. Unawaandikia wenzako amri, mwenzako akishuka chini ya nusu ya uhai mtibu, ukiona adui anaruka tumia uchawi, af unakaa unaangalia timu inavyofanya kazi kutokana na akili yako, raha yake haielezeki mpaka uonje. Stori ni ya siasa na uvamizi wa nchi, Kiingereza chake ni cha kizamani na kigumu, ndo maana haiko juu zaidi. PS4, Switch, Xbox na kompyuta zote zinayo.

6. Final Fantasy XVI

Nzuri kwa macho kuliko zote, vita vya majitu yake vinatikisa ukuta. Ila unamchezesha mhusika mkuu Clive peke yake, na kusema ukweli ni gemu ya ngumi zaidi kuliko ya kupanga timu. Ina damu, matusi na mambo ya kikubwa, usimnunulie mtoto. Kompyuta inataka GB 170 (Rebirth nayo GB 155), hesabu bando kabla hujahesabu bei. Ina kionjo cha bure PS5 na Steam na ulipofikia unaendelea napo ukinunua, kijaribu kwanza.

7. Final Fantasy XV

Marafiki wanne ndani ya gari, kupiga kambi, kupika, hiyo sehemu ni tamu sana. Stori ndo imekatwakatwa, kipande kimepelekwa kwenye muvi, kingine kwenye katuni, kingine kwenye nyongeza za kununua baadae. Ukiikuta Royal Edition, toleo linalokuja na nyongeza ndani yake, kwa bei ya chini chukua.

Za kuziacha kwanza: XIII, maana unakimbia kwenye korido ndefu mpaka sura ya 11 ndo dunia inafunguka, VIII yenye mfumo wa kufunga uchawi mwilini unaowachanganya hata wazoefu, na II ambayo namna yake ya kukuza nguvu inatesa. Zina watu wanaozipenda kufa, ila sio za kuanzia.

XIV sijaipanga kwa sababu ni ya mtandaoni na inalipiwa kila mwezi. Habari njema ni kwamba ina majaribio ya bure yasiyo na kikomo cha siku, mpaka levo 70, pamoja na nyongeza mbili nzima za Heavensward na Stormblood, hiyo ni mamia ya masaa bila kutoa senti, mradi intaneti yako imetulia. Angalizo moja tu, ukishanunua gemu kamili kwenye akaunti hiyo huwezi kurudi tena kwenye majaribio, kuanzia hapo ni kulipia mwezi kwa mwezi, kwaiyo usibonyeze kununua mpaka uwe umemaliza vyote vya bure.